Ngozi ya Ng'ombe Mwekundu

"Mtu mwenye ng'ombe kumi na wanne haombi msamaha wa matibabu," mtendaji wa kijiji alisema, akarudisha kifuniko cha kalamu mahali pake.

Hakusema kwa ubaya. Mama Scholastika alikuwa mwanamke wa haki, na haki yake ilikaa ndani ya daftari kubwa la jalada jeusi lililochakaa pembe. Alilifungua mbele ya Editha, akatembeza kidole mpaka kikasimama.

"Chediel. Ng'ombe kumi na wanne. Hereni kumi na nne, zote kwa jina la baba yako. Nilikuwepo siku masikio yanatobolewa. Sasa nikikuandikia wewe barua, yule mjane mwenye mbuzi mmoja niliyemnyima wiki jana nitamwambia nini?"

"Mama mtendaji, niangalie vizuri. Nina sura ya mtu mwenye ng'ombe?"

"Sura siandiki, mwanangu. Naandika hereni."

Editha alikuwa amesimama muda wote, maana kiti cha wageni kilikuwa kimekaliwa na makabrasha. Mkononi alishika karatasi ya daktari. Uvimbe kwenye kizazi. Damu imeshuka sana. Upasuaji usicheleweshwe, na kwa mdomo daktari alikuwa ameongeza, "Wiki ijayo isije ikaisha." Leo ilikuwa Alhamisi.

"Uza mmoja," mama Scholastika alisema, sasa kwa upole. "Mmoja tu. Mama yako anatibiwa, na chenji inabaki."

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Editha, limekaa kama punje ya mtama kwenye jino. Ng'ombe wale hawakuwa wao. Walikuwa wa Mzee Emilian, mnunuzi wa alizeti wa Utemini, aliyewakabidhi kwa baba yake kufuga kama watu wa huku wanavyokabidhiana tangu zamani: maziwa na samadi ni vya mfugaji, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Akifa mmoja, mfugaji anapeleka ngozi, mwenyewe anaiona kwa macho, yameisha. Na mfugaji hamtaji mwenyewe. Hamtaji kijijini, hamtaji barabarani, hamtaji hata kwenye pombe.

Editha alimeza jibu lake, akashukuru, akatoka.

Nje, wanaume wawili waliokuwa wakisubiri zamu walimpisha kwa heshima ya mzaha.

"Binti wa tajiri kafuata nini huku?"

"Kaja tumchangie majani ya ng'ombe."

Walicheka. Yeye naye alicheka kidogo, kwa kuwa ndivyo binti wa tajiri angefanya.

Kila Jumamosi Editha alipanda bodaboda kwenda mjini na dumu la maziwa la Mzee Emilian. Maziwa yalikuwa haki ya mfugaji, lakini hili la Jumamosi lilikuwa la adabu, na adabu ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Asubuhi baba yake alimfungia dumu kwa kamba akasema, "Mwambie tu mama anaumwa. Usimwombe kitu. Yule ni mtu mzima, ataelewa."

Mzee Emilian alikuwa barazani, viatu kavua, simu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maziwa mbona yamepungua?"

"Kuna ndama wawili wananyonya, mzee. Na mama anaumwa. Daktari amesema apasuliwe."

"Ooh. Poleni sana. Tunamwombea."

Akarudi kwenye simu. Editha alisubiri ile sehemu ambayo mtu mzima anaelewa. Haikuja. Mama mwenye nyumba akamletea chai kwenye kikombe cha plastiki kisicho na mkono, kile ambacho hukaa peke yake dirishani, cha watu wa ng'ombe.

"Mzee," Editha alisema, "naomba tumuuze mmoja. Yule mwekundu, mwenye pembe iliyovunjika."

Mzee Emilian aliangalia getini kwanza. "Punguza sauti, binti."

"Mama anatoka damu, mzee. Mwezi wa pili sasa."

"Sikiliza. Unamjua Martha, mke wa marehemu mdogo wangu?"

Editha alimjua. Aliishi nyuma ya shule ya Ilongero na watoto wanne.

"Amenipeleka mahakamani. Anataka fungu la watoto wake kwenye ng'ombe wa baba yetu. Nimemwambia hakimu ng'ombe wale waliisha wote kwa ukame." Alijifuta mdomo. "Ng'ombe waliokufa hawauzwi. Unanielewa? Hukumu ni mwezi ujao. Ikipita, uzeni hata wawili."

"Daktari amesema kabla ya wiki ijayo kuisha."

"Madaktari wanapenda kutisha watu."

"Basi mwambie mtendaji tu, kwa siri, kwamba si wetu. Atuandikie barua."

"Daftari la serikali halina siri." Alitoa noti mfukoni, akaikunja mara mbili kana kwamba inakuwa kubwa ikikunjwa. "Nauli hiyo. Umsalimie sana mama."

Akavaa viatu, akaingia ndani.

Editha alienda bombani kusuuza dumu, kwa sababu katika nyumba ile dumu lilirudishwa bila kusuuzwa. Alikuwa ameinama pale aliposikia anaitwa.

"Mkamuaji! Tunakusubiri wewe tu!"

Alikuwa Derick, mtoto wa Mzee Emilian, aliyesoma chuo Dodoma na kurudi na mchezo. Ulikuwa mchezo wa kusimuliana. Mmoja ni msimulizi, anayeshika kitabu cha sheria. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na linapofika jambo la bahati unatupa kete yenye nyuso ishirini. Nchi ya mchezo ilikuwa na ngome juu ya mawe makubwa, na joka ziwani. Na watu wake walikuwa wa aina tatu: mabwana, mashujaa huru, na watwana.

Mwaka mmoja uliopita walipungukiwa mtu, Derick akamwona binti wa maziwa anasubiri bodaboda. "Dada, njoo uzibe pengo." Akampa karatasi ya mtwana, kwa kuwa mtwana hana mambo mengi ya kujifunza. Hashiki upanga, havuki mpaka wa bwana wake, hasemi barazani. Alipoulizwa jina la mhusika, Editha aliandika kitu pekee alichokijua: Mkamuaji.

Hakuna aliyetegemea Mkamuaji angedumu. Lakini mtu anayeingia kila nyumba na ndoo ya maziwa husikia mengi. Mashujaa walikata vichwa vya mazimwi. Mkamuaji alijua ufunguo umefichwa wapi. Kwa saa mbili kila Jumamosi Editha alikuwa mtwana, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba hizo ndizo saa alizokuwa huru kuliko nyingine zote za wiki.

Leo hakutaka kucheza. Lakini bodaboda yake ilikuwa imekwenda na ingerudi saa kumi. Akaketi kwenye gunia la mashudu, mkabala na Amne, binti wa duka la dawa, ambaye mhusika wake alikuwa shujaa huru mwenye farasi wawili.

"Baraza limekaa," Derick alisimulia. "Msaga unga wa kijiji anahukumiwa. Inasemekana ndiye aliyemfungulia joka lango. Kamba iko tayari. Amne, unafanya nini?"

"Mimi sikuona nani kafungua. Nakaa kimya."

"Mimi niliona," Editha alisema. "Aliyefungua ni mlinzi wa bwana. Nilikuwa zizini. Nasimama, naongea."

"Huwezi. Mtwana hasemi barazani mpaka bwana wake aseme naye kwanza. Ukurasa wa arobaini."

"Nani ananizuia?"

"Sheria."

"Sheria ina mikono? Nakuuliza, nikisema kinatokea nini?"

Derick alifunua kurasa. Alikuwa kijana mwaminifu kwa kitabu. "Anauawa."

"Kabla hajasema, au akishasema?"

Amne aliangua kicheko. "Haya, mheshimiwa, jibu swali la mtwana."

Derick alisoma tena, kidole kwenye mstari. "Akishasema."

"Basi anasema."

"Edi, acha hizo. Umemlea mwaka mzima, umpoteze kwa ajili ya msaga unga? Angalau tupa kete."

"Kusema hakutaki kete," Editha alisema, akaisukuma kete mbali, hata Amne akaacha kucheka.

Derick alifunga kitabu. "Tuishie hapo. Jumamosi ijayo tutajua."

Jumapili jioni Chediel alikuwa zizini na koleo, anakusanya samadi. Alivaa koti lake la kijivu hata kwa kazi ile. Kijijini walimwita Tajiri, na miaka kumi na tisa ilikuwa imemfundisha kulijibu jina hilo: alitembea na fimbo iliyosuguliwa, alikuwa wa kwanza kutajwa kwenye michango, na watu maskini alikuwa akiwashauri. Naye alikuwa na karatasi yake ya mhusika; tofauti ni kwamba kete hakuna aliyewahi kumpa.

"Alisemaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Alisema poleni."

"Basi ameelewa."

"Baba, hajaelewa. Amekataa. Amesema mwezi ujao."

Koleo lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

"Nenda kwa mama mtendaji, baba. Sema mwenyewe. Neno moja tu, anatupa barua."

"Mwaka ule wa njaa," Chediel alisema, "nilikuwa na ng'ombe saba. Walikufa wote, wa saba nilimchuna mvua inaanza kunyesha. Mzee Emilian alinikabidhi wawili, ndio waliozaa hawa wote. Hakuniandikisha. Hakuniletea shahidi. Alisema, 'Chediel, usinitaje,' nikasema ndiyo. Samadi ya hao wawili ndiyo iliyokulisha. Mtu akivunja neno la ng'ombe huku kwetu, hapewi na mtu hata kuku wa kufuga."

"Na mama?"

"Mama yako ni mgonjwa. Hajafa."

Mama mwenyewe, Cecilia, alikuwa kwenye mkeka mlangoni, mgongo ukutani, viganja vyeupe kama vya mtu aliyekuwa anakanda unga. Alisema maneno kwa Kinyaturu, ambayo aliyatumia anapochoka, kisha akarudia kwa Kiswahili kama vile binti yake hakusikia.

"Mwache baba yako. Alinioa akiwa na neno lake tu, kitu kingine hakuwa nacho."

Editha alimchukulia kitambaa chenye damu, akaenda kukifua nyuma ya nyumba. Kilikuwa cha tatu tangu mchana. Maji yalibadilika rangi mara nne kabla hayajatakata.

Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumanne, mbele ya ofisi, kuhusu mchango wa darasa. Watu walikaa chini, wazee kwenye mabenchi. Chediel alikuwa benchi la mbele. Andrea, mnunuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Ikungi, alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake pembeni, maana mikutano ilikuwa mahali pazuri pa kusikia nani ana shida.

Mchango ulijadiliwa. Mama Scholastika akasema, "Mengineyo," na Editha akasimama.

Minong'ono ilianza hapo hapo. Mzee mmoja akauliza, bila kumwangalia, "Baba yake si huyu hapa? Akiwepo baba, mtoto wa kike anasimamia nini?"

Nani ananizuia, Editha alijiuliza. Akawaangalia. Wote walikuwa wamekaa, hakuna aliyekuja kumshika.

"Mama yangu anaumwa na amenyimwa barua kwa sababu ya ng'ombe," alisema. "Wale ng'ombe si wetu."

Ilikuwa kama mtu amepiga debe tupu. Watu wote waligeuka kumwangalia Chediel.

"Si wenu?" mama Scholastika aliuliza. "Ni wa nani?"

Editha alifungua mdomo. Na kabla jina halijatoka, baba yake alisimama na fimbo yake, akavuta koti, akasema kwa ile sauti ya Tajiri:

"Mtoto amechanganyikiwa na ugonjwa wa mama yake. Ng'ombe ni wangu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Nilijua. Wanataka vya bure." Wengine wakaitikia.

Editha alimtazama baba yake. Alimwona kama alivyowaona wale wa kwenye karatasi: mtu aliyeandikiwa asiyoweza kuyafanya. Na swali likaja lenyewe.

"Kama ni wako, baba, tumuuze mmoja leo. Yule mwekundu. Mnunuzi huyo hapo kwenye pikipiki."

Watu hawakujua wanangoja nini, ila walijua wanangoja. Mwenye ng'ombe kumi na wanne anashindwaje kuuza mmoja, mke wake akiwa anatoka damu? Chediel aliangalia fimbo yake. Akaangalia ofisi. Akafungua vifungo vya koti, vyote vitatu, kana kwamba joto limemzidi.

"Andrea," alisema. "Twende ukamwone."

Nusu ya mkutano iliwafuata mpaka zizini. Andrea alimzunguka yule mwekundu, akambonyeza mbavu, akageuza sikio na kusoma hereni, akalinganisha na cheti cha usajili.

"Chediel. Sawa, karatasi iko safi. Ila mzee wangu, una haraka, naiona. Bei yangu ni ya haraka."

Aliitaja. Mtu mmoja pale nyuma alipiga mluzi wa huruma. Ilikuwa bei ya ndama.

"Chukua," Chediel alisema.

Alimfungua kamba mwenyewe. Alipompita Editha hakumwangalia usoni, alisema chini chini, kama anayejithibitishia, "Sijamtaja. Neno langu bado lipo. Lakini sasa mimi ni mwizi."

Kitabu cha Derick hakikuwa na ukurasa wa hilo.

Jumatano walimpeleka Cecilia mjini kwa gari la kukodi, amelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Editha. Hospitalini wakatoa damu, Editha na majirani wawili, mmoja wao akiwa ni yule aliyesema wanataka vya bure. Alhamisi akaingizwa chumba cha upasuaji. Akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika binti yake kidole.

"Nani anakamua leo?"

"Jirani, mama."

"Mwambie yule wa pembe moja anapiga teke. Akae upande wa kulia."

Editha hakumwambia kwamba wa pembe moja ameuzwa. Alisema, "Nitamwambia."

Daktari alitoka jioni, kavua kofia. Alisema uvimbe wameutoa. Alisema pia mwili haukuwa na akiba. Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana na amechoka, akasema lile ambalo hakupaswa kusema: "Mngemleta wiki iliyopita."

Cecilia alifariki Ijumaa alfajiri. Wakamzika Jumamosi, nyuma ya nyumba, karibu na zizi.

Jumapili Mzee Emilian alikuja matangani na Derick. Waliwekewa viti mbele, chini ya turubai, kama ilivyo kwa watu wa mjini. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto kwenye mikeka, na kati ya wanawake alikuwepo Martha, yule mjane wa nyuma ya shule, aliyekuja tangu juzi na alikuwa amepika uji wa waombolezaji kwa mikono yake. Mama Scholastika naye alikuwepo, amejifunga kanga, bila daftari.

Derick alimfuata Editha penye masufuria. Alisimama pale na mikono yake isiyojua iende wapi.

"Pole sana, Edi. Amne anakusalimu, kaomba ruhusa akakosa. Nilikuwa nataka kukwambia. Mkamuaji hafi. Nimebadilisha. Bwana wake anamsamehe na anampa uhuru."

"Kampa nani?"

"Mimi. Mimi si ndiye msimulizi."

"Basi huo si wake." Editha aliendelea kusugua sufuria. "Mwache afe, Derick. Alishasema."

Derick alitaka kujibu, akaona macho yake, akarudi kukaa nyuma ya kiti cha baba yake.

Mzee Emilian alikuwa ameinuka kumpa mkono mfiwa. Chediel alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana koti. Bila lile koti alionekana mfupi. Editha alikuwa amepita na beseni la maji ya kunawa na alikuwa hatua mbili tu, hivyo alisikia.

"Pole sana, ndugu yangu. Mungu amlaze." Mzee Emilian aliinama zaidi, mkono bado mkononi. "Nimesikia habari za sokoni. Tutaongea tukimaliza msiba. Ila ngozi ya yule mwekundu nitataka kuiona."

Chediel alimtazama. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Miaka kumi na tisa alikuwa ameongea na mtu huyu kwa sauti ya chini. Sasa alipofungua mdomo, ilitoka sauti ambayo waombolezaji wa mwisho, wale waliokaa juani nje ya turubai, waliisikia.

"Unauliza ngozi ya ng'ombe wa nani, Mzee Emilian?"

Mazungumzo yalikatika mkeka kwa mkeka.

"Taratibu, Chediel. Tupo msibani."

"Ndiyo, tupo msibani. Na umeniuliza ngozi. Mtu anaulizia ngozi ya ng'ombe wake. Nakuuliza, wa nani?"

"Nimeuliza tu."

"Kama umeuliza tu, basi hakuna ngozi. Nilimuuza ng'ombe wangu. Waliobaki nitawauza kesho, wote. Andrea atakuja na lori."

"Huwezi!"

"Nani ananizuia?" Chediel aliuliza, na Editha akamgeukia na beseni lake mikononi, kwa maana hakuwahi kumsimulia baba yake habari za ule mchezo hata siku moja.

Derick alimshika baba yake mkono wa shati. "Baba, kaa. Baba, tafadhali." Lakini Mzee Emilian alikuwa mtu wa biashara, na kichwani mwake lile lori lilikuwa limeshafika, mlango wa nyuma umeshushwa, wanapandishwa mmoja mmoja.

"Wangu!" alisema. "Ni wangu wote! Kumi na wanne, wa baba yangu, nilikukabidhi mimi kwa mkono huu! Usinifanye mtoto!"

Neno likakaa pale chini ya turubai. Kwenye mikeka, Martha aliinua kichwa. Alishusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani, taratibu, akasimama, na akabaki amesimama.

Chediel aliachia mkono wa mgeni wake.

"Asante, mzee. Mimi sikukutaja." Akageuka upande wa wanawake. "Mama mtendaji, umesikia? Andika. Chediel hana ng'ombe. Andika anastahili barua."

Mama Scholastika alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Sauti ilitokea ndani ya kitambaa.

"Sikuja na daftari, baba."

"Basi kumbuka," Chediel alisema, akaketi.

Editha aliliweka beseni chini. Lilikuwa neno moja, wangu, halikuchukua hata muda wa kunawa mikono. Lingesemwa Jumamosi ile barazani Utemini, lingetosha. Lingesemwa hata Jumanne.

Jua liliposhuka, ng'ombe kumi na watatu walianza kulia zizini wakitaka kukamuliwa. Watu walitazamana. Hakuna aliyejua ni kazi ya nani sasa. Editha alichukua dumu, akalisuuza, akafika hadi kwenye lango la zizi. Pale akasimama, dumu mkononi, kaburi la mama yake kulia kwake na udongo wake bado mbichi, akisikiliza wanavyolia.